Mgeni, Mshindi na Mgonjwa: Hospitali na Vyuo vya Yerusalemu

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa tiba na wa historia, mabibi na mabwana,

Niliombwa nizungumzie historia ya hospitali na vyuo vikuu katika mji mtakatifu wa kale. Miji ya namna hiyo ni mingi, nami kwa saa moja siwezi kuizunguka yote. Nimeuchagua mmoja, Yerusalemu, ambao Waislamu wengi wa pwani yetu huuita Baitul Maqdis na Waarabu wanaokaa humo huuita Al-Quds. Nimeuchagua kwa sababu ndani ya ukuta wake wa kale kipo kiwanja ambacho mtu akisimama juu yake, sehemu kubwa ya habari ninayotaka kuisimulia imelala chini ya nyayo zake.

Kiwanja hicho kiko karibu na Mlango wa Simba, upande wa mashariki. Hapo pana mabaki ya birika ambalo Injili ya Yohana, katika sura ya 5, inalitaja kuwa na matao matano, na kando yake alilala mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 akingojea maji yatibuliwe. Baadaye Warumi waliubomoa mji na kujenga mwingine juu yake wakauita Aelia Capitolina, lakini wagonjwa hawakuacha kwenda pale pale. Walichobadilisha ni jina la mungu waliyemwomba. Katika karne ya 19 kilifukuliwa hapo kipande cha marumaru chenye umbo la unyayo wa binadamu, na juu yake limechongwa kwa Kigiriki jina la mwanamke aliyekitoa kuwa nadhiri, Pompeia Lucilia. Mtu hatoi unyayo wa jiwe pasipo kuwa na habari ya mguu. Kwenye kiwanja hicho hicho, kama mtakavyosikia, baadaye palisimama kanisa, kisha madrasa, kisha seminari, na kwa miaka michache chuo kilichokusudiwa kuwa chuo kikuu.

Hoja yangu leo naweza kuitamka kwa sentensi moja, kisha nitatumia muda uliobaki kuitetea na, mbele kidogo, kuitilia kasoro mwenyewe. Katika Yerusalemu hospitali ilianzishwa kwa ajili ya mgeni, na chuo kilianzishwa na mshindi.

Tuanze na mgeni. Yerusalemu haina bandari, haina mto wa maana, wala haina madini. Uko juu ya vilima vya mawe, na kwa karne nyingi maji yake ya kunywa yalikuwa ya mvua, yaliyohifadhiwa katika mabirika chini ya nyumba. Kilichowapeleka watu huko ni ibada. Mhujaji alifika baada ya safari ya miezi, amedhoofika, pengine ana homa, na hana ndugu wa kumchemshia uji. Mwenyeji akiugua huuguzwa nyumbani kwake na watu wake, lakini mhujaji hana nyumba, na kwa sababu hiyo nyumba yake ya kuugulia ilibidi ijengwe. Mwaka 543 lilipozinduliwa kanisa kubwa la Mtawala Justiniano, lililoitwa Nea, yaani jipya, mwanahistoria Prokopio aliandika kwamba mbele yake palikuwa na nyumba mbili, moja ya kupokea wageni wapitao na nyingine ya kulazia maskini walio wagonjwa. Nyumba hizo mbili kuwa jirani si sadfa, kwani ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza. Sisi tuna methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kawaida tunaichukua kwa maana ya chakula kizuri kinachopikwa mgeni akifika. Katika mji huu methali hiyo ni kweli hata kwa maana ya dawa, maana hospitali iliyojengwa kwa ajili ya mgeni ndiyo ambayo baadaye ilimtibu mwenyeji.

Chini ya Waislamu jambo hilo lilipata msingi wa fedha ulio imara zaidi. Msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw, aliyefika mwaka 1047, aliandika kwamba Baitul Maqdis kulikuwa na hospitali nzuri yenye wakfu mwingi, kwamba watu wengi walipewa dawa humo, na kwamba waganga walilipwa mishahara yao kutokana na wakfu huo. Wengi wenu mnajua wakfu ni nini, lakini nitaueleza kwa sababu bila huo hakuna hadithi. Mtu anaifunga mali yake, shamba la mizeituni, hamamu, kinu au safu ya maduka, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na mapato yake yaende milele kwenye kazi aliyoitaja. Mganga wa hospitali hiyo hakungoja mgonjwa amlipe. Alilipwa na mizeituni. Wanaodhani kwamba kutenganisha mkoba wa mgonjwa na mshahara wa tabibu ni fikra ya juzi inafaa wamsome Khusraw.

Miaka michache baadaye, katika nusu ya pili ya karne hiyo, wafanyabiashara wa mji wa Amalfi nchini Italia, waliokuwa wakifanya biashara na Misri, walipata ruhusa ya kujenga nyumba ya wahujaji karibu na Kanisa la Kaburi Takatifu. Msimamizi wake alikuwa mtu aitwaye Gerard. Tarehe 15 Julai 1099 wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliuteka mji na kuwaua Waislamu na Wayahudi wake kwa wingi. Hilo halifai kupitwa kwa kunong'onezwa na mtu anayetaka kusifu hospitali iliyofuata. Mwaka 1113 Papa Paskali II aliitambua nyumba ya Gerard kuwa shirika linalojitegemea, na hao ndio watawa waliokuja kuitwa Wahospitali wa Mtakatifu Yohana, ambao baadaye walishika panga pia, wakawa wauguzi na askari kwa pamoja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kanuni zao za mwaka 1182 zimehifadhiwa na zinasomeka kama zimeandikwa na mtu aliyewahi kulazwa. Zinaagiza waajiriwe matabibu wanne wanaojua kutazama mkojo na kuchanganya dawa, pamoja na wapasuaji. Zinaagiza vitanda viwe virefu na vipana kadiri ya kumpumzisha mgonjwa, na kila kitanda kiwe na shuka zake na blanketi lake. Kila mgonjwa apewe joho la ngozi ya kondoo, kofia ya sufu na viatu vya kwendea msalani na kurudia. Kwa wanawake waliojifungua safarini, watengenezewe watoto vitanda vidogo vya kubembea ili walale peke yao, mama mwenye maradhi asije akawadhuru usingizini. Tafakarini juu ya viatu hivyo. Kuna mtu, zaidi ya miaka 840 iliyopita, aliyewahi kumwona mgonjwa wa kuhara akikanyaga sakafu ya mawe yenye baridi usiku wa manane, akaona jambo hilo linastahili kuandikwa katika sheria ya shirika zima. Wagonjwa waliitwa mabwana zetu, na watawa waliwahudumia kama watumwa wanavyohudumia mabwana. Baada ya vita vya Montgisard mwaka 1177 mkuu wao aliandika kwamba walipokea majeruhi 750 juu ya wagonjwa 900 waliokuwamo tayari. Msimulizi mmoja wa miaka hiyo, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anaeleza kwamba hata Waislamu na Wayahudi walipokelewa humo. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumba ile haikuwa na jembe.

Tarehe 2 Oktoba 1187 Salahuddin Ayubi aliuchukua mji. Aliwaruhusu watawa wachache wabaki kwa muda wa mwaka mmoja wawahudumie wagonjwa ambao hawakuweza kusafirishwa, tendo ambalo kwa maoni yangu lafaa kutajwa kila inapotajwa ile tarehe ya 1099. Kisha katika mtaa huo huo akaweka hospitali yake yenye wakfu wake. Mtaa huo mpaka leo unaitwa Muristani, neno lililotokana na Kiajemi, bimar, yaani mgonjwa, na stan, yaani mahali. Mmoja wa matabibu waliofanya kazi katika hospitali ya Salahuddin ni Yaqub ibn Saqlab, Mkristo mzaliwa wa mji huo, hadi mtawala wa Damasko alipomchukua akamtibu yeye. Bendera juu ya mlango ilibadilika, na waliokuwa ndani walibaki wagonjwa wale wale na pengine matabibu wale wale.

Sasa tuje kwa mshindi na chuo chake. Naomba nisieleweke kwamba elimu iliingia Yerusalemu kwa upanga. Kabla ya Vita vya Msalaba, Sheikh Nasr al-Maqdisi alikuwa akifundisha fiqhi ya Kishafii hapo. Abu Bakr ibn al-Arabi, aliyetoka mbali huko Ishbilia katika Andalusia, alipita akiwa kijana na kusimulia mijadala ya wanavyuoni aliyoikuta. Na Imam Ghazali, alipoiacha kazi yake ya Baghdad mwaka 1095, alikaa kwa muda katika mji huo akiomba na kuandika. Hiyo ilikuwa elimu ya darasa linalomzunguka sheikh. Chuo chenye jengo, mishahara, vyumba vya wanafunzi na hati ya wakfu ni jambo lingine, na hicho ndicho ninachosema kilikuja na ushindi.

Twende tena kwenye kile kiwanja cha birika. Wapiganaji wa Vita vya Msalaba walikuwa wamejenga hapo kanisa la Mtakatifu Ana. Mwaka 1192 Salahuddin aliligeuza kuwa madrasa ya Kishafii, iitwayo Salahiyya, na katika mwaka huo alimwachia Baha al-Din ibn Shaddad, kadhi wake aliyekuja pia kuandika maisha yake, kazi ya kuisimamia madrasa hiyo na ya kuikamilisha hospitali. Huo ndio wakati ambapo hospitali na chuo vya Yerusalemu viliwekwa wazi mikononi mwa mtu mmoja. Watawala Wamamluki waliofuata waliuzungushia msikiti wa Al-Aqsa madrasa moja baada ya nyingine. Tankiziyya ilijengwa mnamo 1328 na amiri Tankiz, mtawala wa Sham, ikiwa na madrasa, nyumba ya masufi na shule ya mayatima chini ya wakfu mmoja. Uthmaniyya ilijengwa mwaka 1437 na mwanamke, Isfahan Shah Khatun, na waliokaa wakinieleza kwamba wanawake wa Kiislamu hawakuanzisha vyuo hapo zamani nimekuwa nikiwajibu kwa jina lake. Ashrafiyya ya Sultani Qaitbay ilikamilika mwaka 1482, na mwanahistoria wa mji huo, Mujir al-Din, aliihesabu kuwa johari ya tatu ya uwanja ule mtukufu, baada ya Kuba la Mwamba na Al-Aqsa yenyewe.

Je, hivyo vilikuwa vyuo vikuu? Ukiniuliza mimi, hapana, na hilo si aibu. Shahada ya chuo kikuu hutolewa na taasisi, na ijaza hutolewa na mwalimu kwa mkono wake, kwa kitabu alichokisomesha, na yeyote aliyesoma kwa masheikh wa mwambao anaujua uzito wa tofauti hiyo. Udhaifu wa madrasa haukuwa katika ijaza, ulikuwa katika wakfu. Maduka yakianguka, mizeituni ikikauka, au msimamizi akianza kula mapato, darasa linapungua hadi chumba cha mwanafunzi kinakuwa makazi ya familia. Chini ya Dola ya Uthmaniya hilo ndilo lililozipata nyingi. Hospitali ya Salahuddin nayo ilichakaa ikawa magofu.

Karne ya 19 ilileta hospitali kwa njia ambayo, nikiri, si ya kupendeza sana, kwa sababu ziliongezeka kutokana na husuda. Wamisionari wa Kiingereza waliotaka kuwabatiza Wayahudi walifungua hospitali katikati ya miaka ya 1840, ikiwa na chakula cha kosher, yaani kilicho halali kwa sheria ya Kiyahudi, ili Myahudi asipate kisingizio. Marabi waliwatenga na jumuiya waliolazwa humo, lakini katazo bila mbadala halimponyi mtu, kwa hiyo ikafuata hospitali ya Rothschild mwaka 1854, kisha Bikur Holim. Wajerumani, Wafaransa na Warusi nao hawakutaka kuachwa nyuma. Kila dola ilitaka kuwa na kitanda, na juu ya kitanda bendera. Mwaka 1882 Waingereza walifungua hospitali ya macho chini ya jina lile lile la Mtakatifu Yohana, kwa kuwa trakoma ilikuwa ikiwapofusha watu wa vijiji vyote vya karibu. Hospitali hiyo ingali inafanya kazi leo katika upande wa mashariki wa mji. Mwaka 1902 ilifunguliwa Shaare Zedek kwenye barabara ya Jaffa, nje ya ukuta, chini ya Daktari Moshe Wallach kutoka Ujerumani, mtu mkali wa dini na wa usafi ambaye alifuga ng'ombe kwenye uwanja wa hospitali ili wagonjwa wapate maziwa yasiyotiliwa shaka. Kati ya misukumo yote ya karne ile, maziwa hayo ndiyo ninayoyaamini zaidi.

Na kiwanja chetu? Mwaka 1856, baada ya vita vya Krimea, Sultani Abdulmejid alikizawadia Ufaransa. Mwaka 1878 Ufaransa ilikikabidhi kwa shirika la Kardinali Lavigerie, Mapadri Weupe, wale wale ambao mwaka huo huo msafara wao wa kwanza ulikuwa ukijiandaa Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Wazee wetu wa Tabora na wa Buganda waliwajua mapadri hao kwa jina. Wachache walijua kwamba wenzao walikuwa wamekaa kando ya birika la Injili wakiendesha seminari ya Wakatoliki wa Mashariki. Vita Kuu vilipoanza Ufaransa ikawa adui, na mwaka 1915 Jamal Pasha, kamanda wa Kituruki, alikitwaa kiwanja na kufungua Kulliyya ya Salahiyya, akirudisha jina la Salahuddin, akitumaini kuwa chuo kikuu cha kuwafunga Waarabu na Waturuki pamoja. Hakikudumu. Desemba 1917 Waingereza waliingia mjini.

Miezi michache baadaye, tarehe 24 Julai 1918, vita vikiwa bado vinapiganwa upande wa kaskazini, Chaim Weizmann, kiongozi wa Wazayuni, aliweka mawe ya msingi ya Chuo Kikuu cha Kiebrania juu ya Mlima Scopus, Jenerali Allenby, kamanda wa Waingereza walioutwaa mji, akishuhudia. Hakuna picha inayoieleza hoja yangu vizuri zaidi ya hiyo. Mwaka 1923 Albert Einstein alitoa hapo mhadhara juu ya uhusianifu, akianza kwa maneno machache ya Kiebrania na kuendelea kwa Kifaransa, na tarehe 1 Aprili 1925 Balfour, mwanasiasa wa Uingereza, alikuja kukizindua rasmi. Chuo kilianza na taasisi za kemia, za vijidudu na za masomo ya Kiyahudi. Upande wa tiba ulikuwa umetangulia: wauguzi wawili wa jumuiya ya wanawake wa Kimarekani, Hadassah, walifika mwaka 1913, na mwaka 1939 ilifunguliwa hospitali yao kubwa kando ya chuo. Waarabu nao waliona chuo kikitokeza kilimani. Kongamano la Kiislamu lililokutana mjini humo Desemba 1931 liliazimia kuanzisha chuo kikuu cha Al-Aqsa. Azimio lilibaki karatasini, na sababu mnaweza kuikisia kutokana na sentensi niliyowapa mwanzoni: walioliazimia hawakuwa washindi.

Sasa nakuja kwenye kasoro niliyoahidi. Aprili 1948 ilikuwa mwezi mbaya kwa hospitali na kwa nyumba zote. Tarehe 9 wanamgambo wa Kizayuni waliwaua zaidi ya wanakijiji 100 wa Deir Yassin, magharibi ya mji. Tarehe 13 msafara wa madaktari, wauguzi na wanafunzi uliokuwa ukipanda kwenda hospitali ya Hadassah ulishambuliwa na wapiganaji wa Kiarabu, wakafa watu 78, miongoni mwao mkurugenzi wa hospitali, Daktari Chaim Yassky. Hospitali ya Mlima Scopus ilifungwa na haikufunguliwa tena hadi 1975. Hospitali mpya ikafunguliwa Ein Kerem mwaka 1961. Siku zile za Aprili mwalimu mwanamke wa familia kongwe ya mjini, Hind al-Husseini, aliwakuta watoto 55 wa Deir Yassin barabarani, hawana mzazi wala pa kwenda. Aliwachukua, hatimaye akawaweka katika jumba la babu yake, akalifanya nyumba ya mayatima na shule. Mwaka 1982 kwenye nyumba hiyo kilifunguliwa chuo cha wanawake, na mwaka 1984 chuo hicho kikaungana na vyuo vingine vichache vya Kiarabu kuwa Chuo Kikuu cha Al-Quds.

Hapo hoja yangu inavunjika, nami nafurahi kuiona ikivunjika. Sehemu ya chuo kikuu hicho haikuzaliwa na mshindi hata kidogo. Ilizaliwa na mtu aliyefungua mlango kwa wageni, kama ile nyumba ya pili mbele ya kanisa la Justiniano.

Mwaka 1994 Al-Quds ilianzisha kitivo cha tiba, cha kwanza cha Wapalestina. Madarasa yake yako Abu Dis, na wodi nyingi za kufundishia ziko Mlima wa Mizeituni: hospitali ya Makassed iliyofunguliwa 1968, na jirani yake Augusta Victoria, iliyojengwa na Wajerumani kuwa nyumba ya wahujaji na kuzinduliwa 1910, sasa ikitibu saratani. Kati ya Abu Dis na mlima huo umesimama ukuta wa zege. Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha Ukingo wa Magharibi anahitaji kibali cha kuingia mjini kumwona mgonjwa wake, na akikipata hupanga foleni kwenye kizuizi alfajiri, koti jeupe likiwa limekunjwa ndani ya mkoba, ili awahi raundi ya asubuhi.